Visu vya mchana na visu vya jioni

Mzee mwenye bucha karibu na stendi alinirudishia visu viwili kati ya sita nilivyomfulia. Hakufoka. Aliviweka juu ya fuawe akasema, "Fundi, hivi makali yanalala. Nanoa asubuhi, mguu wa mbuzi haujaisha nanoa tena." Vile vinne alivisifia. Kilichoniuma ni kwamba vyote sita nilivikata kwenye springi moja ya Fuso na kuvichovya kwenye ndoo moja ya mafuta.

Hapa Singida springi si shida. Malori ya kwenda Rwanda na Kongo yanapita usiku na mchana, na yakivunjika yanatuachia mali. Springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, inatosha kabisa kushika matiko, yaani ule ugumu chuma cha moto kinaoupata kikichovywa. (Nondo haishiki, hata uichovye mara kumi. Wapo wanaoendelea kujaribu.) Kwa hiyo niliyemshuku kwanza ni mafuta. Nikamwaga oili chafu, ambayo moshi wake ulikuwa unanikohoza hata hivyo, nikaweka ya alizeti. Kabla ya kazi natumbukiza kipande cha chuma cha moto mpaka mafuta yafike nyuzi 50 hivi, maana yakiwa ya vuguvugu yanakuwa mepesi na yanapoza ubapa upesi kuliko yakiwa mazito ya baridi. Hali ikawa nafuu, lakini bado kila baada ya visu viwili vitatu kinatokea kimoja laini.

Tupa nayo ilikuwa inanidanganya. Kisu kinatoka kwenye mafuta, napitisha tupa, inang'ata, nasema kimeshindwa, nakirudisha motoni. Kumbe mkaa ukipulizwa upepo mwingi huunguza kaboni ya juujuu, ikabaki ngozi nyembamba isiyo na matiko. Siku hizi napiga tupa mara tano sita mahali palepale. Kama chini kuna ugumu, inaanza kuteleza kama iko juu ya kioo.

Vya mzee havikuwa na tatizo la ngozi. Nilikibana kimoja kwenye jiriwa nikakivuta, kikapinda kama bati. Halafu nikachukua kisu changu cha akiba, kigumu, nilichojivunia, nikakipiga nyundo. Kikakatika kavu. Ndani kulikuwa na punje nene zinazometameta kama sukari, wakati chuma kilichoiva vizuri huonyesha kijivu laini. Hapo nikashtuka. Kisu kizuri kilikuwa kimeungua, na kibaya kilikuwa hakijaiva.

Nina daftari la madeni, na humo huandika siku ya kazi ya kila mteja. Nikarudi nyuma kwenye ukurasa wa mzee. Vinne nilivitia matiko Jumanne, saa saba mchana. Viwili vilivyobaki ni vya Jumatano, siku ambayo umeme ulikatika asubuhi na grainda ikalala mpaka alasiri. Kuvichoma nilivichoma saa moja jioni.

Jua la saa saba linaimeza rangi ya moto. Unaona wekundu wa kawaida kumbe chuma kimeshapita, na ndiyo maana vya mchana vilikuwa vinanipasukia kwenye mafuta, "tik", kama glasi. Gizani chuma kilekile kinawaka kama chungwa mapema sana, nami nakitoa kabla ya wakati. Miaka yote najisifu najua rangi kwa macho!

Siku iliyofuata nilizungushia magunia kwenye banda, liwe giza saa zote. Nikaning'iniza sumaku ya spika mbovu kwa waya. Chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, lakini springi inataka ipande tena hadi 830 hivi, na hiyo nafasi ya katikati ndiyo iliyonitesa. Chumvi ya kula inayeyuka kwenye nyuzi 801, basi naipima rangi kwa kipande cha majaribio: nanyunyiza chembe, ikiyeyuka nakariri rangi ile, kisha nasubiri iongezeke kidogo. Kwenye kisu chenyewe siweki, inaleta kutu.

Katikati ya mkaa nimelaza bomba nene, kisu kinachomewa ndani yake. Ncha, kwa vile ni nyembamba, huiva haraka, na upande wa koleo huchelewa, kwa hiyo natanguliza huo wa mpini na kukisogeza mbele na nyuma. Giza nalo limenionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona: chuma kikikaribia kuiva, kivuli kinatambaa ndani ya wekundu, kinakimbilia kwenye unene, kisha kinapotea. Kikishapotea chote navuta pumzi tatu, nachovya.

Kisha, ili visiwe vigumu vya kukatika kama glasi, vyote vinakwenda kwenye oveni ya jirani anayeoka keki, nyuzi 200, saa moja, mara mbili, mpaka chuma kilichosuguliwa kiwe na rangi ya majani makavu. Namlipa kwa kumnolea.

Mzee nimempa viwili vipya. Kile laini kilichobaki alikiomba. Anakwangulia gogo la kukatia nyama, anasema hajapata kifaa kizuri kama hicho.