Siku mkono wa kiti ulipobaki kwa mtu wa samaki

Jumapili mtoto wa kaka alikuja kututembelea, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi mbio. "Shangazi, kumbe kuku wako ana kiti chake!" Kweli. Kile kiti mwendo cha zamani tulikiegesha ukutani kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu hawakutupa bei ya maana, na tetea mmoja ameshakifanya kiota. Nikamwambia kilikuwa changu. Akakitazama, akanitazama. "Mbona kikubwa hivi?"

Swali hilo mimi mwenyewe sikuwahi kuwauliza walionipa kwenye hafla ya kugawa viti. Upana wa kukalia ulikuwa sentimita 46, saizi ya viti vya kusukumia wagonjwa kwenye korido za hospitali, na mimi umbo langu ni dogo. Nilikuwa najipachika khanga zilizoviringishwa, moja kila upande, nisiyumbe. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo, ya mpira mgumu, ya kwenda kwenye vigae. Kigamboni vigae viko wapi? Kuna mchanga, na mchanga ukishakutana na hewa ya chumvi, beringi hazichukui muda kulia.

Sasa asubuhi ile ya 2013. Daraja la Kigamboni lilikuwa bado, sote tulikuwa watu wa pantoni. Nimeitwa usaili ng'ambo, mjini Dar es Salaam, bahasha ya vyeti iko mapajani ndani ya mfuko wa nailoni, mdogo wangu anasukuma. Kuvuka tulivuka salama. Kazi ikawa kushuka Feri, upande wa mjini. Mlango wa pantoni haujatulia vizuri kwenye zege, watu wameshamiminika: beseni kichwani, baiskeli, pikipiki zinakupigia honi kisogoni. Kati ya chuma na zege hubaki ufa ambao mwenye miguu anauruka bila hata kujua upo. Mdogo wangu aliujua. Ufa ule unavukwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Akaanza kunigeuza, umati ukatusukuma, gurudumu dogo la kulia likaingia.

Tak. Sauti yenyewe ndogo tu. Upande wa kulia ukadidimia, bahasha ikateleza, nikaibana kwa kiwiko. Nilipotazama chini nikaona uma wa gurudumu umekatika pale unapoungana na fremu, na gurudumu limekaa ndani ya ufa wima, limetulia, kama mtu aliyefika kwao. Nati ikabiringika kwenye bamba la chuma lililolowa. Nikaisindikiza kwa macho mpaka ilipotumbukia baharini.

Hapo wakaja wasaidizi. Wanaume watatu, mmoja akatua ndoo yake ya samaki kabisa. Nikawaambia, "Jamani, msishike mikono ya kiti, inachomoka." Nani anisikilize? Walikuwa wanamuuliza mdogo wangu: "Dogo, huyu anapelekwa wapi?" Moja, mbili, tatu, wakanyanyua. Mkono wa kulia ukachomoka. Yule wa samaki akabaki ameushika juu, macho yamemtoka.

"Dada, nimekuvunja?"

Nikaangua kicheko. Niko hewani, nimeinamia upande mmoja, magamba ya samaki yameganda kwenye blauzi ya usaili, na ninacheka mpaka machozi. Mdogo wangu alininunia kwa kile kicheko hadi jioni.

Wakaniweka pembeni, juu ya zege. Mama mmoja wa makamo akapita, akaniwekea sarafu ya shilingi 200 juu ya bahasha. Ndiyo ilikuwa nauli ya pantoni enzi hizo. "Mama, mimi siombi," nikamwambia, "naenda usaili." Wala hakuona haya. "Basi ukipata kazi utanirudishia." Akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alinitania au alinitakia heri.

Fundi baiskeli wa jirani na soko la samaki akamwita mwenzake wa kuchomelea, wakaunga uma kwa kipande cha nondo. Ukashika, ila haukuzunguka tena, kwa hiyo kila kona mdogo wangu alilazimika kuinua kiti kwa mbele na kukielekeza upya. Tukafika tumechelewa. Kazi sikupata, na siwezi kuapa kwamba ningeipata kwa kuwahi.

Miaka kadhaa baadaye nilifika Moshi, pale hospitali ya KCMC, ambako wanafundishwa mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo. Binti mmoja mwanafunzi akatoa futi kamba, akanipima nyonga, mapaja, goti mpaka kisigino. Kabla ya hapo aliyewahi kunipima alikuwa fundi cherehani. Akaandika: kiti cha sentimita 36. Ndipo nikaambiwa kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 2008: mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimkae, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Mimi nilipimwa kwa macho, kutoka jukwaani, na mtu mwenye kipaza sauti.

Na bado kukitukana kile kiti siwezi. Kabla yake nilikuwa natoka nyumbani kwa mgongo wa mdogo wangu, naye alikuwa darasa la sita. Mtu akiniuliza kama kilinisaidia, nikisema hapana, mdogo wangu ananikata jicho. Nikisema ndiyo, bega langu la kulia lina maoni yake. Siku hizi nikialikwa kwenye hafla za kugawa viti naenda, nakula pilau, na kwenye pochi nina futi kamba. Wenyeji wengine wananipisha nipime. Wengine wananiambia ratiba imebana, mgeni rasmi anawahi ndege.