Mililita 30 kabla ya alfajiri

Saa 10 za usiku nilichuchumaa kando ya kitanda, nikawasha tochi ya simu na kuimulika kwenye mfuko wa mkojo. Kwa siku 10 mfululizo mfuko ule ulikuwa haunipi kitu cha maana. Matone mazito ya rangi ya kutu, mililita 10 kwa zamu nzima, siku nyingine hata hizo hazifiki. Usiku huo kulikuwa na kitu ndani ya mpira. Maji mepesi ya manjano, yanateremka tone kwa tone. Nikafungua koki ya chini, nikakinga kwenye kikombe cha vipimo, nikakiinua usawa wa macho. Mililita 30. Nikamwita mwenzangu wa zamu aje aone mwenyewe, maana niliogopa kuiandika namba ile peke yangu.

Mgonjwa alikuwa amelala. Alikuwa mzazi wa siku 11, mtoto wake wa kwanza. Baada ya kujifungua alitokwa na damu nyingi mno, presha ikashuka mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Damu ilizuiwa, akaongezewa nyingine, moyo ukatulia. Lakini figo zilikuwa zimekaa muda mrefu bila kupata damu ya kutosha, zikazima. Ndipo alipoletwa kwetu ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na kuwekewa mpira wa shingoni kwa ajili ya kusafishwa damu.

Watu husema "anasafishwa figo", na hata sisi wauguzi hutuponyoka. Figo hazisafishwi. Mpira ule una njia mbili na umelala ndani ya mshipa mkubwa wa shingo. Damu hutoka kwa njia moja, hupita kwenye kichujio chenye maelfu ya mirija myembamba kama nywele, huko sumu, potasiamu na maji yaliyozidi huvukia upande wa pili, kisha damu hurudi mwilini kwa njia nyingine. Saa 4 hivi kwa kila awamu, na yeye alikuwa akifanyiwa mara 3 kwa wiki. Muda wote huo figo zenyewe zimelala palepale, mashine haizigusi. Ninalieleza jambo hili kwa kila familia siku ya kwanza, kwa sababu anayeamini kwamba mashine inatibu figo atakuja kuniuliza siku ya tano mbona hajapona, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mama mkwe wake aliniuliza mapema zaidi, siku ya pili. Alinivuta pembeni, akanishika mkono. "Mwanangu, niambie kweli. Figo za mtoto wangu zimekufa?"

Nikamwambia, "Mama, zimezimia. Nyingi za namna hii huamka, nyingine huchukua wiki kadhaa, na zipo zisizoamka. Mashine inamshikilia tu wakati tunasubiri tuone."

Neno hilo, kushikilia, nimelitoa kwa mama yangu mzazi. Alikuwa fundi cherehani. Kabla hajapitisha nguo kwenye cherehani alikuwa anaipiga bandi kwanza. Ni mishono mirefu ya mkono, ya uzi mwepesi, inayoshikiza vipande visiteleze. Nikiwa mdogo nilidhani huko ndiko kushona kwenyewe, nikamuuliza mbona anashona ovyo namna ile. Akaniambia bandi haishoni, inashikilia. Na nguo ikishakamilika alikuwa anaipitia kwa ncha ya mkasi, anafumua ule uzi wote mpaka wa mwisho, kwa kuwa bandi iliyosahaulika hukunja nguo na kuiharibu.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupiga bandi. Mashine ya kupumulia haiponyi mapafu. Inayasukumia hewa, kidogokidogo, ili yasichanike wakati antibiotiki na mwili vinapambana na nimonia. Mzee ambaye mapigo yake yameshuka hadi 28 kwa dakika kwa sababu umeme wa moyo umekatika njiani, hupitishiwa waya mwembamba kwenye mshipa hadi ndani ya chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, na kisanduku chenye betri kilichofungwa kando yake kinaupiga moyo wake mara 70, mpaka apandikizwe kifaa cha kudumu. Kwa mgonjwa wa waya huo hatumgeuzi kwa pupa. Waya ukihama sentimita chache tu, moyo unabaki peke yake.

Halafu kuna noradrenalini, dripu ninayoiheshimu kuliko zote. Inabana mishipa ya damu ili presha ipande, na nguvu yake mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 2 hivi. Kwa hiyo bomba la sindano kwenye pampu halingojewi liishe. Likiwa limebaki la nusu saa, la pili liwe limeshachanganywa, limeandikwa jina na saa, limewekwa kwenye pampu ya jirani na linatembea. Nikiwa mgeni kazini niliwahi kuchelewa. Nilikuwa kitanda cha pili namgeuza mgonjwa, king'ora kikalia, na kabla sijavua glavu presha ilikuwa imetoka 110 ikafika 52. Tuliirudisha. Sijawahi kuchelewa tena, na mpaka leo nikisikia mlio wa aina hiyo popote, hata dukani, mkono wangu unatafuta pampu.

Nikichoka hukumbuka kisa cha Copenhagen mwaka 1952. Polio ilikuwa imeingia kwa kishindo, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wengi kuliko mashine zilizokuwepo. Zaidi ya wanane kati ya kumi wa namna hiyo walikuwa wanakufa. Tarehe 27 Agosti daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alimshughulikia msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: kooni alitobolewa tundu, ukapitishwa mpira, na hewa ikasukumwa mapafuni kwa kuminya mfuko kwa mkono. Msichana akaishi. Lakini nani angeminya mifuko ya wagonjwa wote, usiku na mchana, kwa wiki na miezi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, kiasi cha 1,500, wakapokezana zamu. Waliketi kando ya vitanda wakiminya na kuachia, minya, achia. Vifo vikashuka chini ya nusu. Dawa ya kukiua kirusi cha polio kikishaingia mwilini haikuwepo, na hata leo haipo. Kilichokuwepo ni mikono ya vijana iliyowavusha wale watoto kutoka saa hii kwenda saa inayofuata, wengine hadi misuli yao iliporudi. Chumba ninachofanyia kazi kimezaliwa pale.

Na mashine ya kusafisha damu nayo ina historia ya subira. Daktari Willem Kolff aliiunda Uholanzi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani wakati wa vita, mwaka 1943, kwa pipa la vibao vya mbao lililozungushiwa mrija wa selofeni, ule wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyeletwa akiwa hajitambui alifungua macho baada ya kuunganishwa na pipa lile, na figo zake zikarudi zenyewe. Hiyo ndiyo sababu nilimsimulia mama mkwe kisa hiki. Figo ziliamka wakati pipa la mbao linafanya kazi yake, na hapakuwa na mtu aliyezitibu.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Kabla hujamshikilia mtu ni lazima ujue anasubiri nini. Wengine husubiri kiungo kijirudi chenyewe, kama mzazi wetu. Wengine husubiri upasuaji, au figo au ini la kupandikizwa. Wengine, siku za mwanzo, husubiri tu majibu ya vipimo ili tuamue, na hilo nalo ni jambo la haki. Ila kuna siku jibu linakuwa hakuna, na siku hiyo lazima mtu afungue mdomo.

Mahali nilipofanya kazi zamani tulikuwa na mwanamume ambaye mapafu yake yalikuwa yamegeuka makovu. Alipowekewa mpira kooni, mkubwa wa zamu alimwambia mkewe, "Usijali, mashine itamponya." Nilikuwa nimesimama pale. Sikusema kitu, nilikuwa mdogo kazini. Makovu yale hayakuwa ya kurudi, na kupandikizwa mapafu hakukuwa jambo linalowezekana kwake, wakubwa walilijua hilo ndani ya wiki ya kwanza. Alikaa siku 23 kwenye mashine. Kila asubuhi mkewe alifika akiwa amevaa vizuri, akauliza, "Nesi, leo wanautoa ule mpira?" Siku za mwanzo tungeweza kupunguza dawa za usingizi akaamka kidogo, akamshika mkono, akaandika neno kwenye karatasi. Hakuna aliyemwambia mkewe kwamba hizo ndizo siku zenyewe. Alipoambiwa, mumewe alikuwa hafungui tena macho. Alinitazama mimi, hakumtazama daktari. Nilistahili kutazamwa vile.

Tangu hapo sisemi "mashine itamponya", na mwenzangu akisema mbele ya ndugu ninarekebisha papo hapo, kwa adabu, hata akiwa mkubwa wangu. Nasema inamshikilia, inamshikilia kwa sababu hii, na tutaangalia tena siku fulani. Siku hiyo naitaja. Watu wanaweza kustahimili mengi wakijua tarehe ya kuambiwa.

Asubuhi napita kila kitanda na swali moja: huu mpira bado una kazi? Mpira wa shingoni hualika vijidudu na kuganda kwa damu kadiri siku zinavyopita. Mashine ya kupumulia huilegeza misuli ya kifua, na mgonjwa aliyelala wiki mbili hupata shida hata kuinua kijiko. Kuna wakati mtu amepona ugonjwa uliomleta akaugua kilichowekwa kumsaidia. Kwa hiyo tunajaribu kila siku, tunapunguza usingizi, tunamwacha avute pumzi mwenyewe kwa nusu saa huku tumesimama pembeni tunamtazama mabega.

Turudi kwa mzazi wetu. Zile mililita 30 zilifuatwa na 20, kisha 45. Kwa mtu wa kilo 60, mililita 30 kwa saa ndiyo namba tunayoitafuta wauguzi wote. Siku ya tatu baada ya usiku ule mkojo ulifika lita moja na nusu, siku ya sita lita 4, na ndugu wakashangilia korido nzima. Mimi nilikuwa na wasiwasi mpya. Figo zinapoamka huanza kupitisha maji kabla hazijakumbuka kuyazuia, kwa hiyo tulikuwa tunapima kila kinachotoka na kumrudishia kwa dripu asikauke. Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu, nayo iligoma kushuka kwa siku kadhaa, akasafishwa damu mara mbili zaidi. Halafu ikateremka yenyewe, na kesho yake tena, na kesho kutwa.

Siku ya 24 daktari akaniambia niutoe mpira wa shingoni. Nilimlaza chali, kichwa chini kidogo, hewa isije ikanyonywa ndani ya mshipa. Nikakata nyuzi mbili zilizoushikiza kwenye ngozi kwa ncha ya mkasi, nikaweka gozi juu yake.

"Vuta pumzi. Sasa itoe yote. Usivute."

Ukatoka mzima, mrefu kuliko alivyodhani. Nikabonyeza. Dakika 10 za kubonyeza bila kuchungulia, mimi na yeye uso kwa uso, hakuna mashine inayolia kati yetu. Alitaka kugeuza shingo amwone mtoto, ambaye mama mkwe alikuwa amemleta mpaka mlangoni.

"Bado, mdogo wangu," nikamwambia. "Bado dakika 4. Mlete karibu, mama, mlete upande huu anakotazama."

Akamleta upande ule.