Kujiunga dakika mbili, kujitoa siku tisa

Usiku wa kuamkia Jumatatu moja ya Agosti 2025, saa tisa na dakika kadhaa, simu yangu ilitetemeka juu ya meza, na kwa kuwa mtu wa umri wangu akisikia simu usiku huwaza msiba kwanza, niliishika huku moyo ukinienda mbio. Haukuwa msiba. Ulikuwa ujumbe wa muamala: kadi ya mtandaoni niliyoiunganisha na akaunti yangu ya simu ilikuwa imelipa Sh52,000 na ushei kwa gazeti moja la Marekani, gazeti lile lile ambalo wiki nne kabla ya hapo lilikuwa limekata Sh10,000 na kitu.

Nieleze kwanza nilivyoingia humo. Mimi ni mtunza hesabu wa chama kidogo cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Kigoma, na ingawa kahawa yetu hulimwa kwenye milima ya Kalinzi na Matyazo, bei ya arabika, aina ya kahawa tunayolima, husomwa kwenye soko la New York. Februari 2025, bei hiyo ilipopanda hadi kupita dola 4 kwa ratili (karibu nusu kilo), kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla ya hapo, wanachama walianza kunijia ofisini kila asubuhi wakitaka kujua kwa nini mnunuzi aliyekuja kwetu na mizani hataji bei hiyo. Nilihitaji kusoma habari zilizoandikwa na watu wanaolijua soko hilo. Gazeti lilikuwa na tangazo: dola 1 kwa wiki kwa miezi 6 ya kwanza. Niliandika jina, barua pepe na namba ya kadi, nikabonyeza kitufe kikubwa cha buluu, na dakika mbili hazikutimia kabla sijaanza kusoma.

Kosa langu nalikiri. Chini ya kitufe kile kulikuwa na maandishi madogo ya rangi ya kijivu yaliyosema kwamba baada ya miezi 6 nitatozwa bei ya kawaida ya dola 5 kwa wiki, na kwamba malipo yatakatwa kila baada ya wiki 4 mpaka nitakapojitoa. Niliyapita kama wengi tunavyoyapita. Hata hivyo ipo hesabu moja humo ambayo hata aliyeyasoma kwa utulivu angeweza kuikosa: wiki 4 si mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo anayekatwa kila wiki 4 hulipa mara 13, wala si mara 12, na dola 20 mara 13 ni dola 260 badala ya 240 ambazo kichwa huzipiga haraka haraka. Mtunza hesabu mzima niliigundua dola 20 hiyo ya ziada siku nilipokaa na kalamu, tayari nikiwa na hasira.

Asubuhi hiyo niliingia kwenye akaunti yangu ili nijitoe. Kitufe cha kubadili kadi kilikuwapo, cha kuongeza mtu wa familia kilikuwapo, na cha kupanda daraja la juu zaidi kilikuwa kikimetameta. Cha kujitoa sikukiona. Palikuwa na sentensi moja tu iliyosema kwamba anayetaka kusitisha apige simu kwa huduma kwa wateja, namba ya Marekani, kuanzia saa mbili asubuhi kwa saa zao, yaani saa tisa alasiri kwa saa za Kigoma.

Siku ya kwanza niliweka vocha ya Sh5,000, nikapiga, nikasikilizishwa muziki wa piano uliokatizwa kila baada ya muda na sauti ya kunishukuru kwa uvumilivu wangu, mpaka salio likaisha kabla sijasikia sauti ya mtu. Siku ya tatu niliongeza vocha na safari hii nikampata dada mmoja mpole sana. Nilimweleza ninachotaka. Akauliza sababu, nikasema bei. Akasema anaweza kunipa kwa dola 10 kila wiki 4. Nikashukuru nikakataa. Akasema, basi dola 8. Nikakataa tena. Akaniomba nisubiri, piano ikarudi, naye aliporejea alikuwa na habari njema: dola 4 kwa wiki 4, kwa mwaka mzima, kama nilivyokuwa nikilipa mwanzoni. Nikamuuliza, kwa heshima lakini kwa dhati, kama gazeti linaweza kuuzwa kwa dola 4 kila wiki 4 mwaka mzima, ile 20 niliyokatwa usiku wa Jumatatu ilikuwa bei ya nini. Kabla hajanijibu, salio likakata tena.

Swali hilo halijaniondoka. Gazeti la karatasi ninalonunua hapa mtaani kwetu Mwanga lina bei yake iliyochapwa ukurasa wa kwanza, Sh1,000, na bei hiyo ni moja kwa mkuu wa idara anayeshuka kwenye gari la serikali na kwa dereva wa bodaboda anayetaka kuona matokeo ya mpira. Muuzaji wangu, mzee ambaye amekaa chini ya mwavuli ule ule tangu nikiwa mwanafunzi, huniwekea nakala moja pembeni na kuandika kijistari kwenye daftari lake, nami humlipa Jumamosi. Nikisafiri kwenda Kasulu humwambia, "Mzee, mpaka Ijumaa usiniwekee," naye hujibu, "Haya, safari njema," kisha nakala yangu humuuzia mwingine. Hajawahi kuniuliza sababu wala kunipunguzia bei ili nisiende. Ni kweli kwamba basi likichelewa gazeti hunifikia kesho yake, na kuhusu arabika ya New York halina msaada mkubwa, lakini najua ninalipa nini na jirani yangu analipa nini.

Kwenye usajili wa mtandaoni hakuna ukurasa wa kwanza uliochapwa bei. Msomaji mpya hulipa dola 1, msomaji mwaminifu wa miaka mitatu hulipa mara tano yake, na anayetishia kuondoka hurudishiwa bei ya mgeni. Anayelipa zaidi kuliko wote ni yule asiyelalamika. Zaidi ya hapo, siku hizi bei yenyewe huweza kupangwa na kompyuta kwa kuangalia taarifa za mteja mmoja mmoja, na ndiyo maana Novemba 2025 jimbo la New York lilianza kutekeleza sheria inayomtaka muuzaji wa namna hiyo amwambie mnunuzi waziwazi kwamba bei anayoiona imepangwa na algorithimu kwa kutumia taarifa zake binafsi. Sheria hiyo haizuii upangaji wenyewe. Inataka usemwe tu.

Sisemi magazeti yatoe habari bure. Matangazo yaliyokuwa yakilisha vyumba vya habari yamehamia Google na Facebook, na mwandishi anayekwenda bandarini kuhesabu makontena anahitaji mshahara kama mimi ninavyouhitaji. Gazeti la The Times la London lilipofunga habari zake kwa malipo mwaka 2010, na The New York Times mwaka uliofuata, walikuwa wakitafuta namna ya kuishi, nami nawaunga mkono. Kinachonikera ni biashara ambayo sehemu ya mapato yake inatokana na watu waliokwisha kuamua kuondoka lakini hawauoni mlango. Na si tabia ya gazeti moja: utafiti wa American Press Institute wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ni asilimia 41 tu ya wachapishaji wa habari waliochunguzwa nchini Marekani waliowarahisishia wasomaji kujitoa mtandaoni.

Kwamba jambo hili linawezekana, halina ubishi, kwa sababu wapo waliolazimishwa nalo wakalitekeleza. Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, anayeuza mikataba ya namna hii mtandaoni lazima aweke kitufe cha kujitoa kinachoonekana, kilichoandikwa hivyo kwa maneno yasiyo na utata. Ufaransa ilifuata Juni 2023. Marekani kwenyewe, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni Oktoba 2024 kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, lakini Julai 2025, siku chache kabla ya sehemu yake kubwa kuanza kutumika, mahakama ya rufaa iliifuta kwa sababu tume ilikuwa imeruka hatua mojawapo ya utaratibu wa kutunga kanuni. Mimi nilikatwa mwezi uliofuata.

Lakini California ilikuwa imetangulia. Tangu Julai 2018 sheria ya jimbo hilo inataka aliyejiunga mtandaoni aweze kujitoa mtandaoni, na baadhi ya magazeti yalichokifanya ni kuwawekea kitufe wakazi wa California peke yao, huku wengine wote wakiachwa na simu. Yaani kitufe kilikwisha kutengenezwa, kikawashwa kwa jimbo moja, kikazimwa kwa dunia nzima. Wasomaji wa majimbo mengine waliligundua hilo wakaanza kubadilisha anwani zao kwenye akaunti ili waonekane wanaishi California. Nilisoma habari hiyo usiku wa siku ya nane, nikiwa nimekwisha kutumia vocha za kutosha kununua debe la mahindi, nikacheka peke yangu.

Siku ya tisa, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwangu Mwanga, nilihamia Los Angeles. Niliandika mtaa niliouokota kwenye ramani, nikaweka namba ya posta ya huko, nikahifadhi, nikafungua ukurasa upya. Kitufe kikajitokeza. Kilikuwa pale pale chini ya kile cha kubadili kadi, kana kwamba kilikuwapo siku zote. Nilikibonyeza, nikaulizwa mara moja kama nina uhakika, nikajibu ndiyo, na kazi ikaisha kwa muda mfupi kuliko ule wa kujiunga. Sikufurahia kusema uongo kuhusu mahali ninapoishi, na bado naliona ni jambo la aibu, ingawa kila nikijiuliza aibu hiyo ni ya nani hasa, jibu hubadilika.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya wenye kadi na dola peke yao. Jumapili iliyofuata nilikwenda Ujiji kumsalimia shangazi yangu, ambaye hununua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwauza kwa kipimo sokoni. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Baba, hebu itazame simu hii, inakunywa vocha." Niliitazama. Kila asubuhi ulikuwa ukiingia ujumbe wa habari za michezo na za wasanii, na kila ujumbe ulikata Sh100. Wa kwanza ulikuwa wa miezi minane nyuma. Shangazi hakumbuki kujiunga. Huenda mjukuu alibonyeza, huenda yeye mwenyewe alijibu "1" akidhani anajibu kitu kingine. Sh100 haishtui mtu, ndiyo sababu iliwekwa hivyo, lakini kwa siku 240 ni Sh24,000, na kwa mwaka ni Sh36,500.

Nilituma neno TOKA kwenda namba ile, likarudi jibu kwamba neno si sahihi. Nikatuma ONDOA, hivyo hivyo. Neno lililotakiwa lilikuwa ONDOA likifuatiwa na jina la huduma, na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ujumbe wa kwanza tu, ule wa miezi minane iliyopita, ambao kwa bahati ulikuwa bado upo, kwa kuwa shangazi hajui kufuta ujumbe. Tukaambiwa tumejitoa kikamilifu. Siku ya pili makato yakaendelea, na ikabidi nipige kwa mtoa huduma wa simu ndipo yakakoma.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya watumiaji wa simu. Nimeandika barua kwa hao wa pili, nikaambatanisha picha za ujumbe wote tangu wa kwanza. Ndani yake nimeomba pia sentensi moja tu iliyo wazi kama ile ya Wajerumani, itakayoihusu namba fupi ya simu kama inavyoihusu tovuti ya gazeti: neno moja la kujitoa, lile lile kwa huduma zote, likiandikwa kwenye kila ujumbe unaokata pesa.

Nilipomsomea shangazi barua hiyo alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta dagaa, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimeliandika.

"Na zile za nyuma, baba, wanarudisha lini?"

Nikaomba kalamu.