Siku moja dukani kwangu: kabla ya kupiga Windows

Saa 2 asubuhi nafungua duka Kariakoo, nawasha rauta, kile kifaa kinachogawa mtandao, nafuta meza. Sijamaliza, simu inaita. Ni mama mwenye steshenari Sinza: printa imegoma tena, na wateja wamepanga foleni.

Saa 3 na nusu niko kwake. Printa nzima, wino upo. Shida ni kwamba kila umeme ukikatika, rauta ikiwaka inaipa printa anwani mpya ya mtandao (namba ambayo kompyuta huitumia kuipata), huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kwenye ile ya zamani, 192.168.1.5. Nikaingia kwenye rauta nikaifungia printa anwani yake, isibadilike tena.

Saa 6 mchana narudi dukani, namkuta mwalimu amepakata kompyuta ya mezani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Kila tovuti inaniambia si salama. Wameniambia nipige Windows upya."

Maneno hayo huniuma, maana kupiga Windows ni kufuta diski na kuiweka Windows upya. Kwenye desktop yake kulikuwa na mitihani ya kidato cha nne aliyoitunga kwa wiki kadhaa, na hakuwa na nakala popote. Angefutiwa yote, tena shida ingebaki palepale! Nikamwonyesha pembe ya chini ya skrini: 1 Januari 2015. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kuthibitisha ni yenyewe, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta iliyokwama 2015 inakiona bado hakijaanza, basi inakikataa.

Nikafungua kava. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa kompyuta ikichomolewa. Inatakiwa volti 3. Mita ikasoma 1.9. Nikaweka mpya, nikapanga tarehe, nikachagua ukanda wa saa wa Nairobi, ambao ndio wetu pia. Tovuti zikafunguka. Kabla hajaondoka nikamnakilia mitihani yote kwenye flashi.

Saa 10, kijana wa intaneti kafe: kompyuta moja haipati mtandao. Anwani inaanza na 169.254, maana yake imejipa yenyewe baada ya kuikosa rauta. Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea. Nikakikata, nikabana kingine.

Saa 12 na nusu jioni nasikia Sinza umeme ulikatika, sasa umerudi. Nampigia mama, ajaribu kuprinti ukurasa mmoja. Kimya kidogo, kisha kwenye simu naisikia printa ikivuta karatasi.