Gari Lilikuwa Likisubiri Oda, Halikuwa Likisubiri Fundi

Pikapu yangu ya dizeli ilikaa katika gereji ya wakala wa kiwanda kilichoitengeneza, jijini Dar es Salaam, tangu mwisho wa masika ya mwaka 2024 hadi Nanenane ilipokaribia, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna fundi aliyeigusa. Nalitanguliza hilo kwa sababu ushauri karibu wote niliopewa na ndugu na majirani ulihusu mafundi. Mmoja alisema niwape vijana wa gereji chochote ili gari lisogezwe mbele. Mwingine alisema nipige simu kila asubuhi hadi wanichoke. Wa tatu, tena mtu ninayemheshimu, alinisihi nilitoe gari nilipeleke kwa fundi wake wa mtaani, kana kwamba dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000 ni karatasi ya kufungia maandazi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo sasa namwuliza kila aliyekwama: kipuri chako kimeagizwa kwa oda ya aina gani?

Ninauza pembejeo za kilimo Morogoro, na gari hilo ndilo linalopeleka mbegu na viuatilifu Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero. Lilianza kuishiwa nguvu kwenye miinuko, taa ya injini ikawaka, na mwisho likawa halitaki kukimbia hata ukikanyaga mafuta hadi chini. Gereji walilipima kwa kompyuta siku hiyohiyo na kunieleza bila kuzunguka kwamba mota ndogo inayogeuza mapanga ya ndani ya tabo, yaani turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, imekufa, na kwamba mota hiyo haiuzwi peke yake. Sharti iagizwe tabo nzima. Kipimo hicho kilikuwa sahihi na sina ugomvi nacho. Nikashauriwa niliache gari kwa kuwa kuendelea kuliendesha kungeweza kuiumiza injini, nikatia saini kadi ya kazi, ile karatasi ya gereji inayoandikwa gari limepokelewa kwa kazi gani, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Kuanzia hapo kila simu ilipata jibu moja, kwamba kipuri kiko njiani. Nilipouliza njia ipi, dada wa mapokezi akaniambia kwamba meli zinachelewa kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Jibu hilo liliniudhi kuliko yote, kwa maana aliyelitunga alitegemea kwamba mteja hajui ramani. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2023 meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya ziliacha kupita Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Lakini nilikwishaambiwa kwamba vipuri vyao vinatoka ghala la Jebel Ali, Dubai, na meli itokayo Jebel Ali kuja Dar es Salaam hupita mlango wa Hormuz, ikaingia Ghuba ya Oman na kushuka na Bahari ya Hindi, njia ileile ambayo majahazi yalikuja nayo kwa upepo wa kaskazi kwa karne nyingi. Bahari ya Shamu haimo. Nakubali kwamba mzunguko ule uliwapa wenye meli uhaba wa makontena na kila mtu aliguswa kidogo. Hata hivyo mwenye kipuri kilichokwisha kupakiwa hukupa namba ya mzigo, hakupi habari za vita.

Nilijaribu kwanza kukitafuta kipuri mwenyewe, na jaribio hilo nalieleza kwa urefu kwa sababu wengi bado wananiambia ndiyo njia ya mkato. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, nikiwa na picha ya kibati kilichopigwa misumari midogo kwenye tabo, chenye namba zote. Maduka yale yana watu wanaoijua kazi yao. Muuzaji mmoja aliikuza picha kwenye simu, akaisoma namba kwa sauti, akaingia stoo na kutoka na tabo ya mtumba kutoka Japani ambayo kwa macho ilikuwa pacha wa ile yangu, hadi akanionyesha mwenyewe kwamba soketi ya waya ilikuwa na pini chache kuliko inavyotakiwa. Angeweza kunyamaza akaniuzia. Duka la pili walikuwa na mpya, isiyo ya kiwanda kilichotengeneza gari, kwa milioni moja na laki kadhaa, na soketi ilikubali. Kabla ya kutoa hela niliwapigia gereji kuwauliza kama wangeifunga. Wakakataa katakata, wakaniambia kwamba wakifunga kipuri kilichonunuliwa nje, dhamana ya kila kinachogusana nacho, ikiwemo injini yenyewe, inaingia mashakani. Nikaliacha duka na fedha zangu mfukoni. Kwa bei ya wakala tabo hiyo ingekaribia milioni sita kwa mtu asiye na dhamana, na mimi nilistahili kufungiwa bure. Hakukuwa na sababu ya kuitupa haki hiyo ili niokoe wiki kadhaa.

Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni, nafasi ikafunguka, kwa kuwa kwa nauli ya elfu kumi na kitu niliweza kwenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo bila kumsumbua mtu kwa malazi. Safari hiyo sikwenda mapokezi kabisa. Wakala huwa ana mlango mwingine, kaunta ya kuuzia vipuri, ambako mtu yeyote huingia kununua chujio la oili au pedi za breki. Nilipanga foleni kama mnunuzi, nikamsalimu kijana aliyekuwapo, nikamwandikia namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 pamoja na namba ya kadi ya kazi, nikamwomba aniambie tabo ya gari hili imefikia wapi. Hakuwa na sababu ya kunificha chochote, maana malalamiko hayaishii mezani kwake. Akaandika, akatulia, kisha akaigeuza skrini upande wangu.

"Mzee wangu, hii oda ipo, lakini imeingizwa kama oda ya stoo," akasema. "Hii inasubiri kontena lijae."

Kwenye mstari ule niliona mambo mawili ambayo hakuna simu ingenieleza. La kwanza ni tarehe: oda ilifunguliwa muda mrefu baada ya gari kupimwa, kwa sababu kadi ya kazi ilikuwa imelala ikisubiri kibali cha mtengenezaji, ambaye ndiye hulipa matengenezo ya dhamana. La pili lilikuwa alama ndogo ya mshale pembeni ya namba ya kipuri. Kijana alipoibonyeza, ikatokea namba nyingine iliyofanana na ya kwanza isipokuwa herufi ya mwisho. Namba iliyoagizwa ilikuwa imeondolewa kiwandani na nafasi yake kupewa mpya, kwa hiyo hata kontena lingejaa, tabo yangu isingekuwemo.

Ndipo nikamwuliza kuhusu oda ya dharura. Watu wengi wa vipuri huiita VOR, kifupi cha Kiingereza cha Vehicle Off Road, maana yake oda ya gari lisiloweza kuingia barabarani, na mfanyakazi wa kaunta ukimtajia herufi hizo tatu anajua kwamba hutarudi nyumbani na jibu la kubahatisha. Oda ya stoo hukusanywa pamoja na nyingine na kuja kwa meli, kwa kuwa wakala hupata punguzo na usafiri wa bei nafuu. Oda ya VOR huenda peke yake, hupanda ndege, na gharama ya ziada humwangukia aliyeifungua. Hiyo ndiyo sababu hawaifungui mpaka mteja ashikilie. Kijana alisema hana mamlaka ya kuibadilisha bila idhini ya meneja wa huduma. Nikamwomba aniandikie kwenye kipande cha karatasi namba ya oda, namba ya zamani ya kipuri na namba mpya.

Sikupandisha sauti kwa meneja. Nilikaa kwenye viti vya wateja, nikaandika barua pepe fupi kwenye simu, nikaweka namba zote, nikaeleza kwamba gari liko chini ya dhamana na limesimama kwa amri yao, nikaomba oda ya stoo ifutwe na ya VOR ifunguliwe kwa namba mpya, na nikamalizia kwa kusema kwamba nisipopata jibu la maandishi ndani ya wiki nitapeleka nakala Tume ya Ushindani, ambayo inawalinda walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kisha nikaomba kumwona ana kwa ana, naye akanipokea vizuri, akaisoma mbele yangu na kukiri kwamba hakuwa ameiona namba mpya. Haikunilazimu kwenda Tume. Tabo ilifika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere katika muda usiofikia hata robo ya ule niliokwisha kuusubiri, ikatolewa forodhani, na mafundi, wale waliolaumiwa na kila mtu, waliifunga na kuijaribu barabarani kwa siku moja tu.

Siku ya kulichukua gari niliomba kuiona tabo ya zamani. Usishangae wakikataa kukupa uondoke nayo, kwani kipuri kilichobadilishwa kwa dhamana kwa kawaida ni mali ya mtengenezaji, lakini unaweza kuomba kuitazama na kuipiga picha, na nilifanya hivyo. Niliomba pia kadi ya kazi iliyofungwa ionyeshe tarehe ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu likitokea jambo baadaye, hizo ndizo tarehe nitakazozisimamia.

Ambaye dhamana yake imekwisha ana nafuu moja niliyoikosa mimi. Gari lako kama bado linatembea salama, walipime, ulipie malipo ya awali ya kipuri, upewe namba ya oda na aina yake kwa maandishi, kisha uondoke na gari lako. Utalirudisha siku kipuri kitakapokuwa kimekaa kwenye rafu yao na wewe umekiona kwa macho yako.