Zabibu hazisubiri mnunuzi

Mi nimekulia Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini, nyumba yetu na shamba la zabibu vimetenganishwa na uzio wa miba tu. Kwa hiyo nikikuta watu Dar wanabishana waini ipi tamu, ya Sauzi au ya kwetu, huwa nanyamaza kwanza, maana wao wanaongelea chupa, na kwangu mimi waini inaanzia kwa baba amesimama mlangoni na simu sikioni, anamwambia mtu, "Mzee wangu zimeshaiva hizi, njoo basi."

Kuna msimu mmoja siusahau, nilikuwa kidato cha tatu. Mnunuzi alikuja mapema kabisa akaonja akasifia, wakakubaliana bei, akasema Jumatatu analeta kreti na lori. Jumatatu hakuja. Jumatano simu inaita tu. Sasa elewa kitu kimoja, ndizi unaikata mbichi inaivia ndani, embe hivohivo, ila zabibu ukishaikata imeishia hapo, haiongezi hata chembe ya sukari. Na ukiiacha kwenye mti nayo haikai inakungoja, asidi inashuka, ganda linalegea, nyuki na ndege wanahamia, na mvua ikipiga (ilikuwa mwezi wa tatu) punje zinapasuka na shada zima linaanza kuoza. Siku ya tisa jamaa akaja, akageuza mashada mawili matatu mkononi, akasema mzee kwa hali hii ile bei haiwezekani. Baba alimwangalia muda mrefu halafu akasema sawa. Angefanya nini? Usiku ule mama hakuuliza kitu, na sisi tukaelewa kuwa ada ya muhula unaofuata itachelewa.

Sijawahi kumwona yule mnunuzi kama shetani. Alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatukuwa nacho, tanki. Mwenye tanki anaweza kusubiri.

Watu wengi hawajui jinsi ardhi yetu ilivyo ya ajabu. Dodoma ni kavu, mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote zinaisha kati ya Desemba na Aprili, mahindi yanatuaibisha karibu kila mwaka, lakini mzabibu unapenda hapahapa, kwenye ukavu na usiku wa baridi kidogo kwa sababu tuko juu, mita elfu moja na mia hivi kutoka usawa wa bahari. Na tunavuna mara mbili! Mwezi wa pili na wa tatu, halafu tena wa nane na wa tisa. Ulaya mzabibu unalazwa na baridi, majani yote yanapukutika, unaamka masika, unazaa mara moja basi. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, mkasi ndo unafanya kazi ya baridi: unapogoa, mti unashtuka, unachipua upya, na ukihesabu kama miezi minne toka siku uliyopogoa unavuna. Ndo maana mkulima wa zabibu anaandika tarehe ya kupogoa kama mtu anavyoandika tarehe ya kuzaliwa mtoto.

Mbegu zenyewe zimetoka mbali. Wamisionari Wakatoliki walihitaji divai ya misa, wazee wetu wanasimulia habari za misheni ya Bihawana, na hadi leo kuna zabibu ya Kifaransa ile nyeupe, Chenin Blanc, kuna Syrah, kuna Aglianico ya kusini mwa Italia, halafu kuna ile tunayoiita Makutupora nyekundu ambayo imekuwa ya kwetu kabisa, imechukua jina la pale penye kituo cha utafiti. Mi hiyo ndo naipenda kuliko zote, sibishani.

Turudi kwenye tanki. Miaka kadhaa nyuma baba na majirani zake wanne wakaamua kuacha kuuza zabibu mbichi zote, sehemu wasindike wenyewe wauze mchuzi. Mchuzi wa zabibu, kwa asiye wa Dodoma, ni zabibu iliyopondwa ikachachuka ikawa waini tayari, ila bado iko kwenye simtanki, haijaingia chupani, wenye viwanda wanainunua kwa lita wanamalizia wao. Ukisikia hivyo unaona rahisi, mi mwenyewe niliona rahisi. Unaponda, unaacha juisi na maganda pamoja kwa siku kadhaa kwa sababu rangi nyekundu iko kwenye ganda sio kwenye maji yake, unatia hamira, na mara mbili kwa siku unayazamisha maganda maana yanapanda juu kama kifuniko. Shida ni joto. Hamira ikila sukari inatoa pombe na gesi na joto lake yenyewe, ongeza jua la Dodoma, ikivuka nyuzi 35 hivi hamira inaanza kufa, sukari inabaki, wadudu wa siki wanapata pa kuingilia. Mwaka wa kwanza tanki moja zima liligeuka siki. Nilikaa pale kwenye kivuli na mama tukinusa kila tukifunua, tukitumaini ni pua zetu tu.

Mwaka uliofuata tulijua zaidi. Zabibu zinavunwa alfajiri zikiwa za baridi, simtanki ziko chini ya banda la nyasi zimefungwa magunia ambayo tunayalowesha mchana kutwa, tuna kifaa cha kupimia sukari, na tukishachuja tanki linajazwa mpaka juu kabisa hewa isikae. Dawa ya salfa, ile ya kuzuia waini isiharibike, inapimwa kwa mizani, hakuna tena kukadiria kwa mkono.

Kujaza chupa wenyewe bado hatujafika. Chupa, vizibo, lebo, vipimo vya TBS, stempu za kodi, vyote vinataka hela kabla hujauza hata moja, na mtaji huo watu watano wa kijijini hawana. Lakini piga hesabu hii: chupa ya mililita 750 inataka kilo moja na kidogo tu ya zabibu. Ukikaa hotelini ukaagiza glasi moja, tazama bei yake, halafu fikiria mkulima anapewa nini kwa kilo. Ndo maana nakasirika nikisikia mhudumu, tena hapahapa Dodoma mjini ambako serikali yote imehamia na hoteli zinaota kila mtaa, anamwambia mgeni "ya Dodoma ni tamutamu tu, chukua ya nje." Tamu zipo, dompo, ile waini tamu ya hapa, watu wanaipenda na wana haki yao, ila drai, zile zisizo na utamu, zipo pia na ni nzuri.

Na kitu kingine, jamani, nyekundu msiinywe ya moto! Ule ushauri wa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya ambazo chumba kina nyuzi 17 au 18, sebule ya Dar ina 30. Weka kwenye friji nusu saa ndo ufungue, utaniambia.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, zabibu mbichi hakuna shambani hata shada, simu ya baba ikaita. Alikuwa mnunuzi, sio yule wa zamani, mwingine, anaulizia mchuzi mwekundu lita ngapi upo na bei gani. Baba akamtajia. Yule akaomba apunguziwe, baba akamwambia bila haraka, "Fikiria tu mdogo wangu, mzigo upo," akakata simu akaenda kulowesha magunia.