Nilivyowahoji wanaolala nje Mwanza bila kuwapa pesa mkononi

Kabla sijaingia mtaani, mwenzangu aliyewahi kukusanya takwimu mitaani alinishauri: "Dada, mpe kila mmoja elfu tano, atafunguka mwenyewe." Nilimsikiliza, na mpaka leo ushauri ule unanikera.

Vibali vilipokamilika nilianza saa tano asubuhi, maeneo ya Makoroboi, kitambulisho shingoni, madodoso mkononi. Nusu ya vijana walitawanyika wakidhani ni mgambo wa jiji. Waliobaki walijibu harakaharaka, wakachukua pesa. Siku ya tatu akaja kijana ana jina jipya na umri mpya, ila kovu la shavuni ni lilelile. Jioni nilimkuta amejikunja ukutani, macho yamelegea, na mwenzake akaniambia bila kuficha: "Dada, elfu tano yako imeshakuwa kete." Yaani kipakiti cha unga, heroini. Nilirudi Nyegezi nikalia. Madodoso ya siku zile tatu, kama thelathini hivi, niliyaweka kando yote. Sikutumia hata moja.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza uji na maandazi Mwaloni, kule Kirumba. Dagaa wanashushwa alfajiri, na waliolala nje huamka mapema kuwahi kibarua cha kubeba. "Mwanangu," aliniambia, "njoo saa kumi na moja. Hicho kitambulisho kiweke kwenye mkoba, wakikuuliza ndipo uwaonyeshe. Na mwenye arosto, aliyekosa unga wake, usimguse, mwili unamuuma, atakujibu lolote ili aondoke." Basi nikawa nalipia uji wa kila aliyekaa kwenye benchi lake, nimhoji nisimhoji, anijibu asinijibu. Hesabu sikuiweka vizuri, lakini haikufika zile elfu tano tano.

Hapo ndipo njia ya kadi ilipofanya kazi. Mtu ukimaliza naye unampa kadi tatu awapelekee wenzake anaowafahamu; njia hii aliieleza Douglas Heckathorn wa Marekani mwaka 1997, kwa ajili ya watu wasio na orodha wala anwani. Majina sikuuliza tena. Niliandika herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake, yeye ni mtoto wa ngapi, na wilaya aliyozaliwa. Mwenye kovu naye alihojiwa, akarudi tena kama mtu mpya, alama hizo zikamfichua, tukacheka wote wawili, akanywa uji wake akaenda.

Maswali nayo yalinifunza. Ukiuliza "Una makazi?" karibu wote wanasema ndiyo: kwetu Sengerema, kwetu Magu, kwetu Geita. Uliza "Jana usiku ulilala wapi?" ndipo utasikia kibarazani, chini ya meza ya sokoni, ndani ya mtumbwi uliopinduliwa. Dodoso la sonona la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, lina swali la kukosa usingizi. Huku kila mtu anakosa usingizi: mbu, mvua, mgambo. Swali sikulibadilisha, maana kipimo hakichezewi, ila pembeni niliongeza langu: "Ungekuwa na mlango wa kufunga, ungelala?" Waliosema hapana ndio walionitia wasiwasi.

Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Usiingie mtaani kama hujui utampeleka wapi atakayesema ndiyo. Mmoja aliponijibu hivyo nilifunga dodoso, nikamwomba mama wa uji anishikie mkoba, tukaenda naye hospitali ya Sekou Toure. Alikuwa anatumia unga pia, miaka minne. Kuna huduma ya methadoni pale, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha heroini, ileile iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011. Siku ile hatukumaliza. Nilimrudisha mara tatu, nauli juu yangu, mara ya pili alinitoroka stendi.

Sasa kila asubuhi anapita kwanza kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, halafu ndipo anakuja Mwaloni kubeba dagaa. Kadi mbili za mwisho kunirudia zilitoka kwake.